Salamu Zilizofurika Kiini cha Mashine

Tulipotoka kumzika Bukuru tulirudi kukaa chini ya turubai nyumbani kwao Kasingirima, na shangazi yake mmoja, mama asiyejua kunong'ona, akanigeukia mbele za watu akaniuliza huyu mtu wao alikuwa akifanya kazi gani hasa. Nikamjibu kwamba alikuwa mtu wa kompyuta. "Kompyuta tunaziona, hata wajukuu zangu wanazo," akasema. "Mimi nauliza yeye alikuwa anafanya nini humo ndani." Nimefanya kazi hiyo hiyo tangu nikiwa binti mpaka sasa naitwa bibi. Nikasema alikuwa anazuia vitu visimwagike. Shangazi akanipapasa goti kwa huruma, nadhani aliona msiba umenivuruga akili, akaagiza niletewe chai. Tangu siku ile akili yangu inarudi kila mara kwenye mwaka wa kwanza niliofanya kazi na Bukuru hapa Kigoma. Wenzangu wakisimulia ujana wao husimulia dansi na wachumba. Mimi nikiukumbuka wangu nakumbuka hofu, hofu ya kukaa roho juu kuanzia asubuhi hadi jioni, na ninaposema hofu sisemi kwa kuzungusha maneno. Niliogopa mpaka chakula kikakosa ladha mdomoni.

Karakana ya Mzee Kassimu ilikuwa chumba kimoja cha juu karibu na bandari, juu ya duka la nyavu na kamba. Ngazi zake zilikuwa za mbao na zilimtangaza kila aliyekuja. Ndani mlinuka risasi ya kuchomelea na nyavu mpya. Chini ya dirisha kubwa lililotazama ziwa ndipo ilipokaa mashine, kasha la bati lenye feni inayokoroma, skrini moja nene, na waya uliotoka nje kupanda hadi kwenye antena iliyofungwa juu ya paa. Mzee Kassimu alikuwa ametengeneza redio za meli maisha yake yote, na uzeeni akapata wazo ambalo watu walilicheka mpaka lilipofanya kazi. Kila boti la sokoni, yale ya mbao yanayobeba watu, muhogo, mawese na mbuzi kati ya mji na vijiji vya kusini, lingefungwa kisanduku kinachojua mahali kilipo na kuituma habari hiyo kwa redio. Kisanduku kilikuwa na vitufe na kioo kidogo, hivyo nahodha aliweza pia kuandika ujumbe, na ujumbe ukipokelewa kwetu taa ndogo iliwaka kumjulisha. Sisi kule juu tuliona kila boti kama nukta ya kijani kwenye ramani ya ziwa. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia mjini, na Ilagala pia ukitafuta sehemu ya mwinuko, lakini majini hazikushika kitu. Kwa hiyo nukta zile ndizo zilizokuwa macho ya wenye maboti, ya wake zao, na yetu.

Bukuru ndiye aliyeandika kila kitu kilichokuwa ndani ya mashine ile. Alikuwa mwembamba, mkali wa maneno, mnywaji wa chai ya rangi ambaye vikombe vilipangana mezani kwake mpaka mtu akavionea huruma. Mimi niliajiriwa kusoma alichoandika na kutafuta makosa, kazi isiyompendezesha mtu kwa mwenzake. Sehemu kubwa ya maandishi yake ilikaa kwenye kiini cha mfumo. Programu za kawaida, hizi za kuandikia barua na kupigia muziki, zina mkubwa juu yao. Moja ikikosea, kiini kinaiua na nyingine zinaendelea. Kiini chenyewe hakina mkubwa. Kikipewa herufi nyingi kuliko nafasi iliyotengwa kuzipokea, hakiulizi. Kinaziweka zote, na zile za ziada zinalala juu ya chochote kilichokuwa jirani, iwe ni mahali boti lilipo, iwe ni saa, iwe ni amri zinazokiambia kiini hicho hicho kifanye nini baadaye. Ni kama kumimina mawese ya dumu kwenye chupa ya soda huku umefumba macho. Bukuru alinieleza haya nikiwa bado mgeni, akaongeza kwamba mashine ikifa haimtishi. "Ikifa utajua imekufa, utaiwasha," alisema. "Mimi naogopa ile inayoharibika ndani halafu inaendelea kukuchekea usoni." Nilicheka, kwa sababu nilidhani anatia chumvi.

Nilipanga chumba Bangwe kwa Mama Mwamini, mjane aliyefuata mawese vijiji vya kusini na kuyauza mjini. Asili ya watu wake ilikuwa ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa huko. Kanuni yake ilikuwa moja, mpangaji wake halali njaa, na hakutaka kujua kama mpangaji mwenyewe ameshiba. Jioni alipakua bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo iliyopondwa mpaka ikalainika, na migebuka iliyokaangwa kwa mawese hadi mifupa ikawa inatafunika. Mdogo wake, nahodha Feruzi, alikuja kula nasi kila siku asiyolala safarini. Feruzi alikuwa mtu wa salamu. Alianza kusalimia akiwa bado mlangoni, akaendelea akivua viatu, na mpaka anakaa mkekani alikuwa ameshauliza hali ya kila mtu wa nyumba ile, na ya kuku. Kuta za ndani hazikufika darini, kwa hiyo hata nikiwa chumbani kwangu niliyasikia mazungumzo yao yote, na jioni moja nilimsikia akijisifu.

"Dada, kisanduku changu sasa kinasalimia chenyewe."

"Kinasalimia namna gani?"

"Nimekihifadhia salamu ndani. Nikitaka kumwandikia Mzee Kassimu nabonyeza hapa tu, salamu zote zinatoka, halafu mwishoni naandika shida yangu. Nimepewa na nahodha mwenzangu, na yeye alipewa. Mie nimeongeza jina la Yusta. Si mtoto wa nyumbani?"

"Umefanya vizuri," Mama Mwamini akasema. "Na yule kijana Bukuru je? Utamwacha?"

"Na Bukuru nitamweka."

Nilikuwa nimejilaza kitandani na nikafurahi kweli, kwamba kule majini kuna mtu anayenitaja. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Baada ya hapo boti moja lilipanda mlima. Nukta yake iliondoka majini tukiitazama, ikakaa juu ya milima ya Kongo, na Mzee Kassimu akacheka mpaka akatoa miwani kufuta machozi. Siku chache mbele boti jingine likaganda njia nzima pale lilipoanzia kusini, na wakati nukta ikiwa bado huko nahodha wake alipanda ngazi zetu kuja kutuuzia samaki wa kuhe. Hapo hakuna aliyecheka. Nilifungua kumbukumbu ya mashine, nikaanza kusoma pale palipopaswa kuwa na namba zinazosema boti liko wapi. Hapakuwa na namba. Palikuwa na herufi, na nilipozisoma moja baada ya nyingine zilisema: na binti Yusta na kijana we. Jina langu mwenyewe lilikuwa limelala juu ya mahali pa boti lenye watu. Nikamwita Bukuru, naye akasoma, akakaa kwenye kiti changu bila kuniomba, akasema taratibu, "Kumbe siku zote hizi tumekuwa tunaamini skrini hii."

Alipoandika ile sehemu ya kupokea ujumbe alikuwa ametenga nafasi ya sentensi moja fupi, kwa sababu vitufe vilikuwa vigumu na hakudhani mtu ataandika zaidi ya "Nimefika Ilagala." Alisahau anawaandikia watu gani. Hakuna nahodha wa ziwa hili ambaye angemrushia mtu wa umri wa Mzee Kassimu habari kavu hivyo. Salamu ilikuwa inanakiliwa kutoka boti hadi boti, na kila nahodha aliongeza heshima yake: shikamoo Mzee wetu, mwakeye, habari za hapo, mama hajambo, watoto hawajambo, na binti Yusta, na kijana wetu Bukuru, sisi huku wazima kwa uwezo wa Mungu. Ndipo habari yenyewe ifuate. Bukuru alimwomba Mzee awaambie wafupishe. Mzee Kassimu akamtazama kama aliyetukanwa. "Nimwambie mtu mzima asinisalimie? Nikifanya hivyo nitatembea vipi mjini?" Basi tukaipanua nafasi, tukaweka ya kutosha salamu na habari, na kilichozidi tukaamuru kikatwe.

Mimi niliona tumemaliza. Bukuru hakulala, na mtu huyo akikosa usingizi alihakikisha na wewe unaukosa. Alikuja asubuhi macho mekundu akaniambia kwamba kosa lile tumeliona kwa bahati, na yale tusiyoyaona yameandikwa na mkono ule ule. Ndipo alipoweka walinzi. Mwishoni mwa kila nafasi ndani ya kiini alipachika namba moja ya siri ambayo hakuna mwenye sababu ya kuigusa. Kila mara kazi ikimalizika kiini kilitazama ile namba. Ikiwa vile vile, sawa. Ikiwa imebadilika, maana yake kitu kimefurika, na haijulikani kimeharibu nini kingine, na kwa hiyo mashine yote inasimama hapo hapo, inapiga king'ora na kuonyesha kwa maandishi mekundu kile kilichomkanyaga mlinzi.

Na ikawa inasimama. Tulipata kosa, tukaliziba, baada ya siku kadhaa king'ora kikalia tena kwingine. Kila kilipolia nilikurupuka kana kwamba nimemwagiwa maji, na baadaye nikaanza kukisikia hata kisipolia, nikiwa naoga, nikiwa sokoni. Wenye maboti walikuja juu kulalamika kwamba mashine imekuwa mgonjwa. Mzee Kassimu alikuwa mtu mwema, nisieleweke vibaya, lakini aibu ilikuwa inamla.

"Zamani ilikuwa haisimami," alimwambia Bukuru.

"Zamani ilikuwa inakosea, Mzee, na inanyamaza."

"Mtu akiumwa kichwa hafungi duka. Iache iendelee, sisi tutarekebisha polepole."

"Iendelee kutuambia watu wako wapi wakati haijui?"

"Na ikisimama ndiyo inajua? Ikisimama si ndiyo hatuoni kitu kabisa!"

Nilikaa kati yao nikijifanya nasoma. Ukweli ni kwamba nilimwona kila mmoja ana haki, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mashine ikiendelea inaweza kudanganya. Ikisimama, maboti yote yako gizani mpaka iamke, na ilichelewa kuamka kwa sababu ilikagua diski yake yote kwanza. Nilikuwa natoka kazini nikifika Bangwe Mama Mwamini ananiwekea sahani, naichokonoa tu, ananiambia, "Wewe mtoto, nani amekufanya nini?" Ningemwambiaje kwamba naogopa namba?

Ikafika siku ambayo mpaka leo mwili wangu unaikumbuka kabla yangu. Ilikuwa kiangazi, majira ambayo upepo wa kusini huamka mchana na ziwa likabadilika rangi. Asubuhi Mama Mwamini alijifunga kanga kiunoni, akabeba madumu yake matupu, akaenda kupanda boti la Feruzi kufuata mawese ng'ambo ya mdomo wa mto Malagarasi. Mimi nilipanda karakana nikamkuta Mzee Kassimu amevaa kanzu mpya. Mwenyekiti wa wenye maboti alikuwa anakuja mchana kuamua kama waendelee na sisi, na Mzee alitaka akae mbele ya skrini bila kusikia king'ora. Akanisogelea mimi, sio Bukuru.

"Yusta, mwanangu, watoe hao walinzi kwa leo tu. Mgeni akishaondoka mtawarudisha. Nakuomba kama mzazi."

Bukuru alikuwa amesimama dirishani ametupa mgongo. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, kubadili neno moja na kuijenga upya programu. Nililifungua lile faili. Nilijiambia Mzee hajawahi kunitendea ubaya. Nikajiambia tena, ni leo tu. Nilikuwa bado nalitazama lile neno ngazi zilipoanza kulia, mwenyekiti akaingia akitweta, akanyooshewa mikono, akaletewa soda. Watu wamenisifia siku ile kwa miaka mingi kwamba nilikuwa na msimamo. Sikuwa nao. Muda uliniishia tu.

Mwenyekiti alikaa, akaelezwa, akaonyeshwa nukta moja moja. Nje upepo ulikuwa umeshaanza kugonga madirisha. Nukta ya Feruzi ilikuwa imeipita Ilagala. Ndipo ujumbe wake ukaingia, na Mzee Kassimu, akiona nafasi ya kuonyesha jinsi manahodha wanavyokipenda kisanduku, akausoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mkwe. Shikamoo Mzee wetu, mwakeye, akaendelea na mama na watoto, akanitaja mimi, akamtaja Bukuru, akataja na majina mengine mawili ambayo sikuwahi kuyaona humo, mpaka akafika sisi huku wazima kwa uwezo wa Mungu. Ujumbe ukaishia hapo.

"Wana adabu vijana wako," mwenyekiti akasema, akinywa soda yake.

King'ora kikalia. Skrini ikawa nyekundu na nukta zote zikatoweka. Mwenyekiti alishtuka soda ikammwagikia, na Mzee Kassimu akafumba macho. Bukuru akaja mbio. Mimi nilikuwa karibu zaidi, na kwa mazoea tu ya kazi macho yangu yalikwenda kwenye safu ya kulia, pale ambapo zile namba zilizomkanyaga mlinzi huandikwa tena kama herufi. Neno la kwanza lilikuwa ila.

Sijui kama mtu asiye wa kwetu anaweza kuelewa neno lile lilivyonichoma. Sisi mtu akiwa amefiwa utamuuliza habari atakujibu nzuri. Atakuambia ni mzima, nyumbani wazima, wote hawajambo, na baada ya hapo ndipo aseme ila. Nafasi tuliyoipanua ilikuwa imejazwa na majina yaliyoongezwa, ikafika mwisho kwenye uzima na uwezo wa Mungu, na kiini kikakata kilichozidi kama tulivyokiamuru. Lakini kulikuwa na sehemu nyingine, ile ya kuhifadhi ujumbe kwenye diski ukishaonyeshwa, ambayo hatukuwa tumeifikia, nayo iliuchukua ujumbe wote bila kukata. Hapo ndipo ulipofurika.

"Soma," Bukuru akasema. "Soma kwa sauti."

"Ila maji yanaingia," nikasoma. "Injini imezima. Mbele ya mdomo wa mto. Watu ni we..." Hapo palikatika.

Bukuru aliyaandika maneno yale kiganjani mwake kwa kalamu, kwa sababu tukiiwasha upya mashine yangefutika, kisha akabonyeza swichi. Mzee Kassimu alikuwa tayari na simu sikioni, akipiga Ilagala, anakosa, anapiga tena, akimpigia kila mtu anayemjua mwenye injini, na safari hii yeye hakusalimia. "Tokeni majini! Tokeni na maboti, mdomo wa mto, Feruzi anazama!" Mwenyekiti alikuwa amesimama na nguo zilizolowa soda, naye anapiga. Mashine ikawa inakagua diski. Mstari mweupe ulisogea kidogo, ukasimama, ukasogea. Nilimwomba Bukuru afanye kitu, nikamvuta shati, akaniambia hakuna cha kufanya, tusubiri. Nilitazama ziwa kupitia dirishani, lilikuwa na povu jeupe hadi mbali, nikamfikiria Mama Mwamini na kanga yake kiunoni, na nikashindwa kuomba hata maneno ninayoyajua tangu utoto. Ramani iliporudi nukta nyingine zote zilirudi. Ya Feruzi haikurudi.

Walipatikana kabla ya jua kuzama. Wavuvi wa Ilagala waliwakuta wameshikilia yale madumu matupu ya Mama Mwamini, wengine watatu kwenye dumu moja, na wakawavuta mmoja mmoja. Mzee alipiga kelele ya furaha kwenye simu, kisha akasikiliza sana. Wote walikuwa wametolewa majini isipokuwa Feruzi.

Matanga yalikuwa pale pale nyumbani Bangwe. Mama Mwamini aliletwa akiwa na sauti iliyokauka, akaketi ukutani, wanawake wakamzunguka, na kwa siku kadhaa hakuzungumza na mimi. Nilichota maji, nikaosha masufuria, nikazunguka nikimkwepa macho. Mwishowe aliniita chumbani.

"Yusta. Kile kisanduku kikipokelewa si kinawaka taa?"

"Kinawaka, Mama."

"Boti lilipoanza kulala ubavu watu wakachukua madumu, wakaruka. Mie nikamwita Feruzi, njoo. Akaniambia, dada, ngoja, Mzee hajajibu. Akabonyeza. Akangoja taa. Akabonyeza tena. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amekiinamia kile kisanduku." Akanitazama bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Mbona hamkumjibu?"

Nilimweleza. Nilimweleza kiini, na namba ya mlinzi, na kwamba mashine iliposimama ndipo tulipoona maneno yake, na kwamba taa huwashwa ujumbe ukishahifadhiwa, na ikiwa imesimama haikuweza kuwasha taa ya mtu yeyote. Nilieleza vibaya huku nalia. "Tulimsikia, Mama. Mara ya kwanza tu tulimsikia. Ndiyo maana watu walikuja."

"Mlimsikia," akasema.

"Tulimsikia."

"Yeye hakujua."

Nilipompelekea Bukuru maneno hayo alisukuma kikombe chake kando, akaifungua programu. Nilidhani atawaondoa walinzi kwa mkono wake mwenyewe, na Mzee Kassimu, ambaye sasa aliwatetea kuliko mtu yeyote, alikuwa tayari kumzuia. Hakuwaondoa. Alianza kuandika kitu kingine, na kilimchukua muda wote uliobaki wa mwaka ule. Alitaka mashine, ikishagundua kwamba imefurika, kabla haijasimama, impelekee aliyeandika neno moja. Ilikuwa kazi ya kuogofya, maana kiini kilichofurika hakiaminiki hata kwa neno moja. Alikitengea kipande kidogo mahali pake peke yake, mbali na kila kitu, kisichojua lolote duniani isipokuwa kuwasha taa na kutuma neno lile. Mimi nilikisoma kipande kile mpaka nikakiota. Niliogopa kisije kikamwambia mtu tumemsikia ilhali hatukumsikia, na Bukuru aliogopa hivyo hivyo, kwa hiyo tukawekeana zamu ili skrini isikae bila macho ya mtu hata wakati wa chakula. Mzee Kassimu kwa upande wake aliteremka pwani akawasihi manahodha waanze na shida ndipo wasalimie. Walimsikiliza kwa heshima zote, wakamshukuru, na wakaendelea kusalimia kwanza.

Kilipokuwa tayari Mama Mwamini alisema anataka kukiona. Nilimletea kisanduku kipya barazani kwake, mchana, akaacha kuchambua sombe akafuta mikono. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Nilikuwa nimeandika maneno marefu kupita nafasi yoyote, na kule karakana Bukuru alikuwa ameondoa viziba vyote kwa makusudi ili mashine ifurike na kusimama. Mama Mwamini akabonyeza. Tukangoja, na katika kungoja kule nikajua Feruzi aliona nini, kioo kitupu na vitufe vyake. Kisha taa ikawaka, na kwenye kioo likatokea neno: TUMESIKIA.

Alilisoma. Akakisogeza kisanduku karibu na macho akalisoma tena, midomo ikisogea.

"Ni hili tu?" akauliza.

"Ni hilo tu, Mama."

Akaendelea kukishika kwa mikono miwili mpaka kioo kikazimika chenyewe.

"Angelipata hili," akasema, "angekuja."